Hapo, Bonyeza Hapo

Baba yangu, mzee Gidamis, hakuwahi kunidanganya. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mbuzi wangu mweupe yuko wapi, akanijibu kwamba amechinjiwa wageni, na kwamba nyama niliyokula mchana ilikuwa yake. Nililia mpaka usingizi ukanichukua. Mtu anayemwambia mtoto ukweli wa namna hiyo, utaanzaje kumshuku anapozungumza na mke wake?

Miguu yake ilikufa ganzi kwa kisukari. Haikufa mara moja. Ilianza kwa kuwashwawashwa kwenye nyayo, kama sisimizi wanapita, halafu sisimizi nao wakahama. Kidole kimoja cha mguu wa kulia kilishakatwa, baada ya yeye kukanyaga kaa la moto na kuendelea na mazungumzo yake. Daktari alituambia wazi kwamba kikija kidonda kingine, kitakachokatwa si kidole. Kwa mfugaji wa kijiji chetu cha Getanuwas, kukosa mguu maana yake ni kuletewa habari za ng'ombe wako na watu wengine, na baba hakuwa mtu wa kuamini habari za ng'ombe ambazo hakuziona mwenyewe.

Sista Mectilda, muuguzi wa zahanati yetu aliyepangiwa kazi huku kutoka Kagera, alimwambia, "Mzee, mguu usiosikia unaangaliwa kwa macho. Kila jioni, nyayo zote, mpaka katikati ya vidole." Baba aliitikia kwa heshima zote na kwenda zake. Kazi ya kuangalia ikabaki kwangu. Mimi ni fundi cherehani pale senta, na sina mume wa kuniuliza ninakwenda wapi, kwa hiyo kila jioni nilifunga kibanda, nikaenda kwenye boma la wazazi wangu na kumgeuza mzee nyayo kama mtu anayekagua kwato. Tuligombana kila jioni. Yeye alisema ninamdhalilisha, mimi nilisema heri kudhalilishwa ukiwa na miguu miwili kuliko kuheshimiwa ukiwa na mmoja.

Mama hakuwa na ugomvi naye. Mama alikuwa na samli. Akimaliza kukamua, alimkalisha baba kwenye kigoda, akachota samli kwenye kibuyu na kumkanda miguu, wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, taratibu, kama alivyolainisha sketi yake ya ngozi tangu alipoolewa nayo. Baba alikuwa akiitazama mikono ile kama anavyotazama ng'ombe wake wakinywa maji.

"Hapo," alisema. "Bonyeza hapo. Ndiyo, hapo hapo."

Mama alinigeukia na jicho la ushindi. "Nesi wenu anasema miguu imekufa," aliniambia kwa Kidatoga, maana ndiyo lugha ya nyumbani kwetu. "Tangu lini maiti ikasema hapo?"

Kusema kweli nilimwamini. Nilidhani samli inasaidia kidogo, na kwamba Sista Mectilda, kama watu wengi waliosoma, ameona miguu mingi lakini hajauona wa baba yangu.

Kisha akaja Festo. Kijana wa Tlawi, kule juu Mbulu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alikuwa anasoma chuo kimoja Arusha na anatafuta watu wenye miguu ya ganzi wa kujaribu kifaa kilichotengenezwa chuoni hapo. Sista Mectilda alimleta kwenye kibanda changu kwa sababu alihitaji mtu wa kushona, na kwa sababu alijua baba yangu angekaa kumsikiliza mgeni kuliko kunisikiliza mimi.

Festo aliweka juu ya meza ya cherehani vipande vidogo vya kitu laini, chenye kung'aa, kama ute wa yai uliogoma kumwagika. Alisema ni jeli, na kwamba kila kipande ni kihisi. Kikibonyezwa kinajua kimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, na kikibonyezwa sana mahali pamoja kinapeleka taarifa kwenye mkanda wa mkononi, nao unatetemeka kama simu iliyozimwa sauti.

Nikawaita baba na mama waje kibandani. "Shikamoo tena mzee," alisema, akimfunga baba ule mkanda katikati ya bangili zake za shaba. "Hii kitu itasikia badala ya mguu. Mama, njoo ubonyeze hapa."

Mama aliutazama ute ule kwa mashaka, akafuta kidole gumba kwenye nguo yake, akabonyeza.

Mkanda ukatetemeka. Baba aliruka kwenye kigoda, akashika mkono wake, akamtazama mama. "Umenishika!" alisema. Mama akabonyeza tena. "Umenishika!" Alicheka mpaka machozi yakamtoka, akamwambia arudie, akarudia, na watu waliokuja kuchukua nguo zao wakasimama mlangoni kuangalia wazee wawili wakichezeana kama wachumba. Nami nilicheka. Nilidhani ni machozi ya kicheko.

Baba alikataa viatu vya kufunga. Alisema hivyo ni vya walimu. Basi nikaushona ule ute kwenye katambuga zake, zile ndala za matairi. Nilikata ngozi ya mbuzi ya kufunika, nikavipanga vihisi chini yake, kisiginoni na kwenye shina la vidole, na nyaya nyembamba zikapita ndani ya kamba mpaka kwenye kidude kidogo kifundoni. Festo alitupa masharti, nami nikamtafsiria mama moja baada ya jingine. Msianike juani. Mchaji mkanda kila mara. Na msipake mafuta ya aina yoyote, mafuta yanaua jeli.

"Mwambie nimesikia," mama alisema.

Mwanzoni kifaa kile kilikuwa baraka, lazima niseme. Baba alikuwa mnadani, anabishana juu ya dume la mtu, mara mkanda ukaanza kutetemeka. Akavua katambuga mbele ya watu wote, akakuta kokoto lenye ncha limejibanza chini ya vidole. Alilichukua, akalipitisha mkono kwa mkono kama mtu anayeonyesha jino la simba aliyemuua. Alirudi nyumbani akiimba. Jioni ile nilipokuja kumgeuza nyayo, alinivuta mkono.

"Nenda kashone nguo za watu, Juliana," aliniambia. "Mguu wangu sasa unasema wenyewe."

Nilikasirika, halafu nikaona nafuu. Nitakuwa mwongo nikisema nilikasirika tu. Nilikuwa nimechoka na zile jioni.

Kiangazi kikaja na upepo wake wa kutoka mlimani, ule unaopasua midomo ya watu na viwele vya ng'ombe. Ngozi ya mbuzi niliyoishona kwenye katambuga ikaanza kukauka na kupasuka pembeni. Mama aliiona. Kwa mama, ngozi iliyopasuka ni aibu ya mwanamke wa nyumba ile; tangu akiwa msichana hajapita kwenye ngozi kavu akaiacha. Na hii haikuwa ngozi ya kawaida, hii ilikuwa inasikia. Kama samli ilikuwa imeifanya miguu ya mume wake iendelee kusema hapo, hapo, wakati manesi wameshaikatia tamaa, basi ngozi hii maskini ya kushonwa ilihitaji samli kuliko kitu chochote. Kijana wa Tlawi alikuwa na elimu yake, lakini hajaolewa na ngozi. Basi kila jioni, baba akishakandwa, katambuga nazo zilikandwa.

Sisi wengine hatukuona. Baba mwenyewe aliniambia mkanda umetulia siku hizi, na alisema kwa fahari, kama mtu anayesema mtoto wake ameacha kulialia.

Akaamua kupeleka ng'ombe ziwa Balangida wakalambe chumvi, pamoja na majirani. Alikuwa na siku nyingi hajafanya safari ile kwa miguu yake. Alirudi amechomwa na jua, vumbi jeupe mpaka kwenye nyusi, mwenye furaha ambayo sijaiona kwake tangu kisukari kiingie nyumbani kwetu. Nilikuwapo. Aliinua mkono wenye mkanda.

"Safari nzima haukunisumbua hata kidogo," alisema.

Mbwa ndiye aliyekuja kwanza. Alinusa katambuga ya kulia, akarudi nyuma, akanusa tena. Mama alipiga magoti amvue, na ilipotoka, ngozi ya unyayo ilitoka nayo kipande. Mwiba wa mgunga ulikuwa umepita kwenye tairi, ukapita kwenye ute, ukaingia mguuni, ukakatikia humo, na yeye ameukanyaga kwenda na kuukanyaga kurudi. Matope ya ziwani yalikuwa yameziba tundu. Baba alituangalia mmoja mmoja, na ukelele wangu ndio uliomwambia kwamba kuna kitu kibaya.

"Nini?" aliuliza. "Kuna nini?"

Hospitali walijaribu. Walisafisha, wakakata kidogo, wakasubiri, wakakata tena. Kisha wakakata chini ya goti. Jirani mmoja alikuja kutupa pole, akamsikia mama akijilaumu kwamba hakufuata masharti ya mgeni, akatikisa kichwa na kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilimwambia mkuu gani, Festo ana umri wa kitindamimba wa mama, na kwamba mlango ni ule pale. Sijutii.

Lakini hapo nilikuwa sijaelewa alichokuwa akijilaumia. Nilielewa tulipomrudisha baba nyumbani, Festo alipokuja na Sista Mectilda kumjulia hali. Alisalimia, akakaa, kisha akaomba aione ile katambuga. Aliichana kwa wembe. Ute uliokuwa imara kama ini ulikuwa umevimba na kulegea, ukamteleza vidoleni. Akaunusa.

Hakuhitaji kusema. Hata mimi niliipata harufu, samli yenye moshi wa kibuyu, harufu ya utoto wangu wote. Ilikuwa imepenya kwenye ngozi na matundu ya sindano yangu.

"Hii ilipakwa mafuta," Festo alisema. "Ikalainika, ikawa haisikii tena. Lakini niliwaambia..."

"Subiri," nilimkata. Nilikuwa nawaka, na sikutaka moto ule umwendee mama. "Hicho kifaa chako kikifa, kinasemaje?"

"Kinanyamaza, dada."

"Na mguu ukiwa salama, kinasemaje?"

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kinanyamaza," alisema.

"Basi."

Aliinamisha kichwa. Ni kijana mzuri, na nilimwonea huruma, lakini si sana. Ndipo akauliza polepole, kama mtu wa kuandika taarifa ya chuoni, nani alipaka. Mama alikuwa amesimama karibu na nguzo ya mlango, mikono amekunja ndani ya shuka. Niliona midomo yake ikifunguka.

"Ni mimi," alisema baba.

Alisema kwa Kiswahili chake cha mnadani, wazi, bila haraka. "Ngozi ilikuwa inapasuka. Nikachukua samli ya mama Juliana, nikapaka mwenyewe. Ni mimi, kijana. Andika hivyo."

Sauti ilikuwa laini na tulivu kabisa. Ungemwamini hata kama umemwona mama akipaka. Festo aliamini. Sista Mectilda aliamini. Wakaaga, na Sista akanishika mkono mlangoni, akaniambia, "Juliana, umebaki mmoja. Huo wa kushoto tusiupoteze. Macho, kila jioni. Usimsikilize mtu yeyote hapo ndani, hata yeye." Nikasema nimeelewa.

Niliporudi ndani, mama alikuwa bado amesimama pale pale. Alikuwa anamtazama baba kwa namna ambayo sijawahi kumwona akimtazama. Nilidhani ni shukrani. Mume amebeba kosa lake mbele ya wageni. Mwanamke gani asingeshukuru?

"Umedanganya," alisema mama.

"Mambo yameisha."

"Sijawahi kukusikia ukidanganya. Miaka yote niliyokaa kwako, sijawahi. Lakini sauti hiyo naijua."

Baba alitazama pembeni.

Naambiwa njia ya mwongo ni fupi. Si kweli. Uongo wa baba ulikuwa umetembea miaka, jioni baada ya jioni, umekula na sisi na kulala na sisi, na mimi niliyejifanya mjuaji nilikuwa nimekaa pembeni yake kila siku nikiusikiliza. Mama ndiye aliyeutambua, kwa sababu ya sauti. Na hata baada ya kuutambua alitaka kwanza ahakikishe, maana mtu hakubali kitu kama hicho kwa kusikia tu.

Jua lilikuwa linazama, ng'ombe wanaingia. Mama hakwenda kukamua. Alileta kigoda na kibuyu, akakaa mbele ya kitanda cha ngozi alipokuwa baba, akauweka mguu wa kushoto mapajani mwake. Ulikuwa mguu mzuri bado, mweusi, mrefu, kovu la pembe ya ng'ombe juu ya kifundo. Kisha akavua kitambaa chake cha kichwani, akamfunga baba macho.

"Unafanya nini?" baba aliuliza.

"Nakukanda. Pumzika."

Nilitaka kuondoka. Sikuondoka. Nilijua kwamba kama baba atasema ukweli sasa hivi, mguu ule utakuwa na macho yetu wawili juu yake mpaka siku atakayokufa, na kama hatasema, mama atarudi kwenye samli yake na kuiamini, nami nitapigana peke yangu na watu wawili. Moyoni nikamwomba aseme. Baba, mwambie tu. Uliniambia juu ya mbuzi wangu, mwambie na yeye.

Mama alichota samli, akaipaka viganjani. Halafu akaweka mikono yake magotini, akatulia. Hakumgusa.

Baba alisubiri kidogo. Alikuwa anasikiliza, niliona kichwa chake kikiinama upande, kama anavyosikiliza kengele ya ng'ombe aliyepotea. Ile harufu ya samli ilimfikia. Akatabasamu.

"Hapo," alisema, kwa ile sauti. "Ndiyo. Bonyeza hapo."

Mama hakulia. Alimtazama tu.

"Hapo hapo, mama Juliana. Mikono yako ni dawa."

Niliziba mdomo wangu kwa kiganja. Nilimchukia kwa muda ule, nisiseme uongo. Nilimchukia kwa sababu ya mguu uliokwisha kuzikwa, na kwa sababu ya fahari ya mama yangu, ile aliyonitolea kila jioni akinicheka mimi na nesi wangu. Na papo hapo nikakumbuka siku ile kibandani, kidole gumba cha mama juu ya ute, na mzee mzima akiruka na kupiga kelele umenishika, umenishika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kuhisi mkono wa mke wake pale mguuni. Alikuwa akilia kweli, na sisi wote tulikuwa tunacheka.

Mama naye nadhani alikumbuka, kwa sababu uso wake ulivunjika. "Miaka yote hiyo," alisema kwa sauti ndogo ambayo baba hakuisikia, "nilikuwa namkanda nani?"

Kisha akaushika mguu. Aliushika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote za kukamua, kucha zikazama kwenye unyayo, akaukumbatia kifuani, akauinamia na kuuweka shavu lake juu yake, na hapo ndipo alipolia, bila sauti, mabega yakimtetemeka, machozi yakichuruzika katikati ya vidole.

Baba alikaa na kitambaa chake machoni, akisubiri. Tabasamu lilikuwa bado lipo. Kisha likapungua.

"Mbona umeacha?" alimuuliza.